Sheria ya "umesahau kula" inaua drafti yetu

Wasee, leo nitakosana na watu wa maskani yangu mwenyewe, na najua wanasoma hapa, kwa hivyo sitazunguka. Ile sheria ya "umesahau kula, naondoa" ni mbovu. Imekuwa mbovu miaka yote sita nimecheza drafti pale stejini Free Area, na bado tunaicheza kwa sababu moja tu: inawafaa wenye walifika hapo kwanza.

Imeanza hivi. Juzi nilikuwa naangalia jamaa wa Uingereza akichambua Warhammer 40,000, ule mchezo wa vita wa mezani, wa vijeshi vidogo vya plastiki wenyewe huvipaka rangi. Umekuwepo tangu 1987, na siku hizi kampuni inatoa sheria mpya kila baada ya miaka michache: 2017, 2020, 2023. Kila zikitoka wachezaji wanakaa chini wanaulizana: baada ya kucheza hii kitu muda wote huu, ni sheria gani imesimama na gani imeoza? Wanagombana vibaya sana. Lakini wanagombania kitu kimeandikwa.

Nikafikiria, si hata sisi tuna mchezo wa vita? Askari 12 kwa 12, hakuna dadu, hakuna bahati. Jeshi ni vifuniko vya soda, vyangu vinaangalia juu, vyako vinaangalia chini, na uwanja ni kipande cha plaiwudi kimechorwa na makaa. Jeshi lote halikugharimu hata bob. Na sijawahi kuona mtu akiuliza kama sheria zetu zinafanya kazi. Basi acha niulize mimi.

Nianze na kitu kimesimama, ndio mjue hii si chuki. Kula ni lazima. Hiyo ndiyo roho ya drafti. Kwa chess ukiniwekea mtego naweza kuuona nikaupita kando. Kwa drafti nikikulisha kifuniko kimoja, huna ruhusa ya kukataa. Unakula, unatua pale nilitaka utue, halafu mimi nakula vitatu kwa mpigo na mkono wangu unaishia kwa mstari wa mwisho, kingi. Kila mtu kwa maskani anaishi kwa ajili ya hiyo sekunde. Boda anaweza kukataa mteja wa mpaka Section 58 ndio aone ikiisha. Nimecheza mamia ya mechi na hiyo sehemu haijawahi kunichosha.

Sasa ingia na sheria yetu. Kwa maskani yetu, usipokula mahali ulifaa kula, mpinzani haambii urudi ule. Anachukua ile kete ilifaa kula, anaitupa kando, halafu anacheza zamu yake kama kawaida. Adhabu ya macho kulala. Inasikika fiti mpaka ufikirie hesabu yake.

Nimekulisha kimoja ili nile vitatu. Wewe umeuona mtego. Unafanya nini? Unajifanya hujaona! Unasukuma kete nyingine upande ule mwingine, unakuna kichwa, "aii, kumbe kulikuwa na kula hapo?" Naondoa kete yako moja. Umepoteza moja badala ya tatu, kingi sijapata, na mtego nilioujenga hatua nane umekufa. Yaani sheria yenye ilitakiwa kulazimisha watu kula ndiyo inawapa njia ya kutokula. Unalipa kete moja, unanunua uhuru. Wachezaji wazuri wa steji wote wanajua hii. Ukiona mzee amecheza drafti miaka ishirini "akisahau" katikati ya mechi, hajasahau kitu.

Na si sisi tuliivumbua. Waingereza walikuwa nayo kwa drafti yao ya zamani, ila kwao mpinzani alikuwa na hiari: aondoe kete, ama akulazimishe urudi ule. Sisi tulibakisha nusu ya kwanza, ile nusu ya kuokoa mtego hatunayo. Wao wenyewe baadaye waliitoa kwa sheria za mashindano. Leo kwa mashindano ukikosa kula, hatua yako si halali, unarudisha, unakula, mechi inaendelea.

Hiyo ni hesabu. Sasa nifike kwa kitu kinaniuma.

Desemba kuna dada anauza smokie hapo karibu alikuja kucheza. Tulikuwa tumemzoea akituangalia akipasua mayai. Kabla hajakaa aliuliza, "Mnacheza ya kusahau ama ya kurudi?" Guka, ndiye mkubwa wetu hapo, akamjibu, "Sisi tunacheza ya kawaida, siz. Keti." Dau lilikuwa finje. Alikaa, na aki alikuwa anacheza vizuri. Tulifika mahali ana vifuniko vinne na mpinzani wake ana viwili. Akasukuma kimoja kwenda kuchukua kingi. Kumbe upande wa kushoto, kwa kona, kulikuwa na kula. Mpinzani akaondoa kete yake. Ile kete ndiyo ilikuwa inafunga mlango. Hatua tatu baadaye mechi ilikuwa imeisha. Dada akasema, "Lakini niliuliza." Watu wakacheka. Akatoa finje, akarudi kwa kigari chake.

Mpinzani alikuwa mimi.

Na mbaya zaidi, wiki hiyo hiyo Guka alisahau kula mbele yangu, mkono wangu ukaenda kuondoa, akanishika kidole: "Kijana, rudisha, si umeona nilikuwa naongea na mteja." Nikarudisha. Wote tunarudishiana. Dereva wa matatu akipitia hapo kucheza moja, tunamrudishia pia, juu tunamjua. Sheria inatumika kwa mgeni peke yake. Kijana wa campus, mtu amehamia plot mpya, msichana. Hao ndio hulipa.

Najua Guka atasema nini, ameshasema mara mia: "Drafti ni macho. Usipoona si shida yangu." Sawa, Guka, na kwa heshima zote, uko nusu sahihi. Drafti ni macho kweli. Kuna profesa wa Kanada, Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, alianza kutafuta jibu la drafti kwa kompyuta mwaka 1989. Alilipata 2007: wachezaji wote wawili wasipokosea hata mara moja, mechi ni droo. Miaka 18 ya kompyuta kwa mchezo watu wanauita wa wavivu wa steji. (Hiyo ilikuwa ile drafti ya kingi anatembea hatua moja. Yetu ya kingi anaruka ni mnyama mwingine, nakuja huko.) Kwa hivyo ndio, mtu hushinda juu mwingine amekosea. Lakini kosa lilipwe ubaoni. Nikikosea, nile kwa kete yako, siyo kwa vidole vyako.

Kuhusu makingi nitakuwa mfupi, hii ni aibu ndogo. Kwetu kingi anaruka mshazari mzima mpaka mahali anataka. Tamu sana. Shida inakuja mwisho. Ule mshazari mrefu wa kona hadi kona sisi tunauita haiwei. Kingi mmoja akishaukalia, na mwenye kingi awe macho, makingi watatu hawamtoi. Hawamtoi! Nimeona watu wakifukuzana hapo kutoka saa tisa mpaka taa za barabarani ziwake, mmoja anasema ni droo, mwingine anasema "endelea, utachoka." Dau linaenda kwa mwenye hana kazi jioni.

Warusi wana kingi anayeruka kama wetu, kwa ubao wa saizi yetu, na walimaliza hii stori kitambo. Ukiwa na watatu dhidi ya mmoja unapewa hatua 15. Ukishindwa kumnasa, droo, vunjeni. Na hizo 15 hawakuzitoa hewani. Kama yule mmoja hajashika haiwei, kuna namna ya kupanga makingi wako watatu inaitwa Pembetatu ya Petrov, kwa jina la mchezaji wao wa karne ya 19, na ukiijua inamfunga ndani ya hizo hatua. Kwa hivyo sheria haikunyimi ushindi, inakuuliza tu kama unajua kazi. Nimeijaribu na ndugu yangu mdogo nyumbani jioni nzima. Inafanya kazi. Amekasirika mpaka akalala bila kunisalimia.

Mtu ataniambia, "Buda, ni mchezo tu, kwani lazima muandike kila kitu?"

Twende Hyrax Hill basi. Ni hapo tu, wengi wetu tulipelekwa na shule tukaona mawe na joto. Pahali hapo pamelindwa kama kumbukumbu ya taifa tangu 1943, Mary Leakey alichimba hapo 1937 na 1938. Na kuna mwamba umechongwa mashimo ya bao. Watu walikaa hapo juu, ziwa likionekana chini, wakicheza, muda wa kutosha mpaka ikafaa kuchonga jiwe. Nilirudi mwezi uliopita, mkubwa sasa, nikachuchumaa hapo na kokoto kwa mkono. Nikakwama. Nani anaanza? Kila shimo linaanza na ngapi? Ukimaliza kusambaza kwa shimo tupu, zamu inaisha ama unakula? Nilikuwa najua bao la kwetu nyumbani, lakini hakuna kitu kwa ule mwamba kinaniambia kama wao walicheza hilo. Ubao wa jiwe umefika kwangu mzima. Kama yule dada tu, niko mbele ya ubao na sijui sheria za wenyewe, na hapo hakuna hata wa kuuliza.

Yeye sahi anacheza kwa simu, akingoja wateja. Nilimuuliza mbona harudi maskani. Akasema simu haimwachi akose kula, ile kete inawaka mpaka aiguse. "Na sheria ya leo ndiyo ya kesho," akaongeza, akaniwekea kachumbari.

Nimenunua kopo dogo la rangi nyeupe. Jumamosi saa kumi nitageuza ile plaiwudi na kuandika nyuma yake: kula ni lazima, ukikosa unarudi unakula. Watatu kwa mmoja, hatua 15. Sheria ni hizi kwa kila mtu mwenye ameketi. Finje ya Desemba nitairudisha kabla sijafungua kopo. Guka, kama unapinga, njoo mapema tucheze ya sheria mpya, na ukishinda nifute kwa mkono wangu. Mimi nitachukua vifuniko vinavyoangalia chini.