Hesabu Ipi kwa Mtoto wa Mkulima wa Chai?

Bonasi ya majani chai ikitangazwa, Kericho na Bomet huzuka swali lile lile: mbona kidogo hivi? Mwaka 2025 swali hilo lilifika hadi barabarani, wakulima wakaandamana wakitaka kujua kwa nini wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa hulipwa zaidi.

Jibu lina siasa ndani yake, lina ubora wa majani na gharama za kiwanda. Lina hesabu pia, angalau kwa ule udogo wa malipo. Kilo moja ya chai kavu hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Tuseme kilo hiyo imeuzwa dola 2 kwenye mnada wa Mombasa. Mapema 2024 dola iliwahi kufika karibu shilingi 160. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa kama 129. Chai ile ile, dola zile zile, mwanzo zinaleta shilingi 320, baadaye 258. Gawanya kwa 4.5: kilo ya majani iliyokuwa na shilingi 71 sasa ina 57, na kiwanda bado hakijakata gharama za kuni wala umeme. Shilingi 14 zimeyeyuka, na katika mfano huu hakuna mwizi. Mkulima anayeweza kupiga hesabu hiyo huingia mkutano wa kiwanda na maswali makali zaidi, kwa maana anajua pa kuanza kuchimba.

Wana wa wakulima hawa wamo katika kundi la kwanza la mtaala mpya lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026. Awali hisabati ilikuwa imepangwa kuwa somo la hiari katika ngazi hiyo, yaani sekondari pevu. Wananchi na wataalamu wakalalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: walio katika mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi watasoma hisabati ya kina, wengine hisabati iliyorahisishwa, ya matumizi ya kila siku.

Nauunga mkono uamuzi huo. Hata hivyo siwapuuzi waliotaka hiari. Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 watoto wengi waliketi miaka minne mbele ya ubao wasiouelewa, wakatoka na alama ya E na imani kwamba wao ni wajinga. Msichana wa Bomet mwenye kipaji cha mbio au cha kuchora hakustahili kuvunjwa moyo hivyo. Hisabati nyepesi ikifundishwa vizuri, itamfaa.

Tatizo langu ni mlango. Anayeanza na hisabati ya kina akashindwa anaweza kuhamia nyepesi bila shida kubwa. Anayeanza na nyepesi, mwaka mmoja baadaye wenzake wako mbali, na kurudi ni kama kupanda mlima kwa magoti. Kwa hiyo kosa la kumpeleka mtoto kwenye nyepesi mapema mno ni zito kuliko kosa la kumjaribu kwenye ile ngumu. Na uamuzi huo unafanywa akiwa na miaka 14 au 15, mara nyingi baada ya mtu mzima kumwambia, "Hesabu si yako."

Isitoshe, mara nyingi mtoto hachagui. Karo ndiyo huchagua. Mzazi anayetegemea malipo ya majani ya kila mwezi humpeleka mwanawe shule ya kutwa iliyo karibu. Ikiwa shule hiyo ina mwalimu mmoja wa hisabati kwa madarasa yote, mwana huyo atasukumwa kwenye nyepesi hata kama kichwa chake ni cha uhandisi.

Linaloniuma zaidi ni somo la biashara, ambalo limewekwa kwenye mkondo wa sayansi ya jamii. Kijana anayependa biashara anaweza kufuata mkondo huo akidhani ameikimbia hesabu ngumu, kisha aende chuo kikuu kusomea uchumi na kukutana na kalkulasi. Nyanda hizi za chai zina kiu ya wachumi wanaoweza kusoma mizania ya kiwanda cha chai mstari kwa mstari. Wala si wachumi pekee wanaohitajika. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai huko Kericho, kwa hasira ya ajira zilizopotea. Mashine hizo hazijaondoka. Watakaoziunda, watakaozikarabati na watakaokokotoa fidia ya haki kwa wachumaji, wote watahitaji hesabu ya kina.

Ningependa shule za huku ziwaweke wanafunzi wote wa biashara, na yeyote anayesitasita, kwenye hisabati ya kina kwa muhula wa kwanza wa Gredi ya 10, ndipo mtoto, mzazi na mwalimu wakae chini na madaftari yake waamue. Na darasa la hisabati nyepesi lipewe mwalimu hodari, si yule aliyebaki bila vipindi. Somo lake la kwanza naliona: kila mwanafunzi aje na risiti ya majani kutoka kituo cha kununulia chai, aiweke mezani, aanze kugawanya.