Kabla ya Kununua Land Rover Kuukuu, Lala Chini Uitazame

Ukizuru miji yetu ya mashambani hutakosa kuiona: Land Rover ya zamani iliyoegeshwa nyuma ya nyumba, magurudumu yameishiwa na upepo, na kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Ukimwuliza mwenyewe, atakujibu kwamba anaitengeneza. Ameitengeneza miaka sita sasa. Pesa za ng'ombe wawili zimepotelea humo, mama watoto hataki hata kusikia ikitajwa, na gari lenyewe halijasonga hatua moja.

Sikukatazi kununua gari la aina hiyo. Mtu mwenye shamba, subira na fundi mwaminifu anaweza kulifufua likamfaa miaka mingi. Ninalotaka ni usije ukawa huyo mwenye kuku.

Kwanza tuelewe tunachonunua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo hilo kuukuu utakaloliona limeishi papa hapa, likabeba maziwa, mbuzi na mawe ya kujengea. Tuchukue mfano wa Land Rover Series III ya 109, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Haina kompyuta yoyote, na fundi mwenye spana na akili timamu huifungua yote. Spea zake bado hupatikana kwa wauzaji wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mpya na zilizotumika.

Wanunuzi wengi hufungua boneti kwanza. Wakisikia injini ikinguruma, wanatoa pesa. Huko ni kuanzia mwisho. Injini iliyochoka hutolewa kwa siku moja ikapelekwa kwa fundi, au ikanunuliwa nyingine. Kinachoua gari hili ni chesisi, yaani uti wa mgongo wake.

Wengi hudhani Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Ni kweli kuhusu sehemu kubwa ya bodi, lakini chesisi ni ya chuma. Imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia humo, na kutu ikala kutoka ndani kuja nje. Rangi mpya nyeusi juu yake haikuambii lolote. Pengine imepakwa juzi ili usione.

Kwa hivyo nenda na nyundo ndogo na tochi, uvae nguo kuukuu, ulale chini. Gonga chesisi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Kagua zaidi zinaposhikiliwa springi, na kile chuma cha mwisho kilichokingama nyuma. Kisha inua mkeka miguuni pa dereva, kwani ukuta unaotenga injini na abiria nao ni wa chuma. Tundu moja dogo huchomelewa. Ukikuta chesisi imeviringishiwa viraka juu ya viraka, aga kwa heshima uende zako.

Jambo la pili ni namba. Namba ya chesisi lazima ilingane na iliyo kwenye kitabu cha gari, na ya injini vivyo hivyo. Magari haya yamebadilishwa injini mara nyingi, na si kila mwenye gari aliyeandikisha mabadiliko hayo. Fanya upekuzi wa umiliki katika mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, kabla ya kutoa hata shilingi. Ukiambiwa kitabu kiko kwa marehemu mzee na kitatafutwa baadaye, subiri hiyo baadaye ifike kwanza.

Hapo sasa washa injini, ikiwa baridi. Moshi wa buluu unaoendelea maana yake inakula oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Endesha kwa gia ya pili, kisha achia mafuta ghafla: gia ikiruka, gia boksi imechoka. Jaribu pia magurudumu yote manne. Kitufe cha manjano hushindiliwa chini, na mkono mwekundu huvutwa nyuma kwa gia nzito. Fanya hivyo kwenye udongo, si kwenye lami, kwa maana lami huzikaza shafti.

Ukishanunua, fuata mpango. Anza na breki, ambazo ni za ngoma kwenye magurudumu yote, kisha usukani. Gari lisilosimama halina haja ya kwenda. Fuatisha tangi, mipira ya mafuta na nyaya za umeme, maana hapo ndipo moto huanzia. Injini ije baadaye, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Tena usifungue gari zima kwa siku moja. Fungua sehemu moja, itengeneze, irudishe, ndipo uguse nyingine. Nati na bolti za kila sehemu zitie katika mkebe wake na uandike jina. Magari mengi yanayolala nyuma ya nyumba yalifunguliwa yote kwa furaha ya wiki moja.

Mwisho ni suala la nyumbani. Bei ya kununua ni mlango tu. Kama una shilingi laki nne, usinunue gari la laki nne. Nunua la laki mbili lenye chesisi nzima, na nusu iliyobaki iwe ya matengenezo. Keti na mwenzako mkubaliane kiasi cha kila mwezi, na karo ya watoto isiguswe. Mwezi ambao hakuna pesa, gari lingoje. Limengoja miaka arobaini, halitakufa kwa mwezi mmoja. Na siku za Jumamosi mwite binti au kijana wako akushikie tochi. Atakalojifunza hapo hakuna mwizi atakayeliiba.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ukiona Land Rover ya zamani ikipanda mlima na magunia kumi ya viazi, jua kuna mtu aliyelala chini na nyundo kabla ya kutoa pesa zake.

Tukutane Jumapili ijayo.