Kitabu cha Wageni Kifungwe

Ndugu wafanyakazi,

Katika nyumba nyingi za kulala wageni hapa Machakos, kitabu kiko wazi juu ya kaunta: jina, nambari ya kitambulisho, simu, utokako na uendako. Dereva wa lori akiandika habari zake husoma na za waliolala jana. Tapeli naye husoma, kisha hupiga simu akijifanya mtu wa M-Pesa.

Babu zetu miaka ya 1920 walivishwa kipande shingoni, kila tajiri akasoma habari zao. Je, sisi tujianike wenyewe?

Kuandikishwa twakubali. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yamtaka mwenye hoteli achukue habari zinazohitajika tu, tena azilinde. Basi twadai: kila mgeni apewe karatasi yake, ifungiwe kabatini; kitambulisho kisipigwe picha kwa simu ya karani. Na siri ikivuja, tajiri asimtupie lawama karani aliyemnyima kabati na kufuli.

Ndugu, ukikuta kitabu wazi, dai karatasi kabla ya kushika kalamu. Mmoja akidai atachekwa. Tukidai sote tutasikiwa.

Umoja ni nguvu!