Mtihani mpya wa kusoma Uingereza: mtoto wa Shard End atapata nini?

Serikali ya Uingereza imesema watoto wa mwaka wa nane shuleni, wenye miaka 12 na 13, watafanya mtihani wa lazima wa kusoma. Kwa jamaa zetu walioko Birmingham, hii si habari ndogo.

Chukua Shard End, mashariki ya mji huo: mtaa wa nyumba za manispaa uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, ambako familia nyingi zina kipato kidogo. Umaskini huonekana kwenye alama. Mwaka 2024, nchi nzima, watoto wa familia za namna hiyo waliomaliza msingi wakiwa na kiwango kinachotakiwa katika kusoma, kuandika na hisabati walikuwa 46%; wenzao 67%. Na tangu mtihani wa taifa wa miaka 14 ufutwe 2008, aliyeachwa nyuma akiwa na miaka 11 hukaa mpaka 16 bila kupimwa kitaifa.

Kwa hiyo kupima naunga mkono. Lakini jamani, kipimajoto hakitibu homa. Alama zitapanda shule ikipata walimu wa kukaa na mtoto asiyesoma vizuri, siyo kwa kumkaririsha mitihani ya zamani.

Nyinyi mnaofikiria kuhamia huko kutoka Muscat au Dubai, msiwakataze watoto Kiswahili. Wenye lugha nyingine nyumbani, kwa wastani, hupiga hatua kubwa zaidi kati ya miaka 11 na 16. Anayehangaika ni anayefika mkubwa, Kiingereza bado. Muulizeni mwalimu mapema: akikwama, nani atamsaidia?