Kuandika pole pole si ujinga



Kila mwaka finalisti wetu wanaingia katika Exetat. Kwa hor-sesyo wanapewa kichwa cha disertasyo, kwa Kifaransa, na saa inaanza kupita. Mwenye kuandika haraka anapona. Mwenye kuandika pole pole, hata kama mawazo anayo, anarudisha karatasi nusu nyeupe. Kiisha mtaani tunamwita zoba.

Siye tunasema: hapana.

Mmoja wetu alipitia hapo. Mwalimu alikuwa anadikte kozi, herufi zinamgeukia, kaye yake imejaa mashimo. Alirudia mwaka wa mwisho wa sekondari. Usiku mdogo wake alikuwa anamsomea kozi kwa sauti, na hapo ndipo alishika yote. Leo ana diplome ya chuo kikuu. Kazi hana, kama siye wengine, lakini zoba hakuwa. Ilikuwa disleksia. Shuleni hakuna aliyewahi kumwambia hilo neno.

Wako wengi kama yeye. Mmoja ana disleksia, mwingine otizimu, mwingine usikivu wake unaruka-ruka hata akijilazimisha. Akili iko. Njia ya kuingia na kutoka ndiyo tofauti.

Na kusoma kwa chuo kikuu ni ufundi, unafundishwa kama kushona. "Eleza", "linganisha" na "jadili" ni kazi tatu tofauti. Nani aliwahi kutuonyesha? Kata ulizo vipande vipande. Sema plani yako kwa Kiswahili kwanza, halafu andika kwa Kifaransa. Wazo moja, kikaratasi kimoja, kiisha panga vyote juu ya meza mbele ya kuandika. Maagizo yatolewe moja moja, tena kwa maandishi. Mbinu hizi zinasaidia kila mtu, lakini kwa hawa wandugu ndizo mlango wenyewe.

Serkali yetu haiwezi kusema haijui. Katiba, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee. Mwaka 2015 inchi yetu ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kuwalinda. Basi ulemavu usioonekana kwa macho usisahauliwe.

Tunaomba mambo matatu:
– muda wa ziada kwa Exetat na kwa mitihani ya chuo kikuu;
– kozi iliyochapwa itolewe mbele ya somo, tena bila kuuzwa;
– walimu na asista wafundishwe kutambua shida hizi na kuzisaidia.

Hatuombi pointi za bure. 50% ibaki 50%. Tunaomba mtu apimwe kwa kile anachojua, si kwa mbio ya biki yake.

Na siye? Diplome tunazo, na wakati tunao, tena mwingi kuliko tulivyotaka. Kila mmoja wetu achukue finalisti mmoja wa avenyu yake, saa mbili Jumamosi kiisha salongo. Msomee kwa sauti. Mwache aseme mbele ya kuandika. Usimcheke. Hiyo haingojei budjeti ya waziri.

Tuanze Jumamosi hii.