Bustani za Usoke Zikombolewe na Sumu

Kasumba ya kuamini kwamba kila mdudu shambani dawa yake ni sumu ya chupa imeota mizizi mirefu. Kasumba hiyo haikuzaliwa na mkulima wa Usoke. Alifundishwa, na baadhi ya waliomfundisha ndio waliopaswa kumwonyesha njia nyingine.

Mkulima wa nyanya na kabichi, kando ya reli iendayo Kigoma, hana fedha za kuchezea. Hununua dawa ambayo mara nyingi maandishi yake hayaelewi, akainyunyiza bila kinga ya mikono wala ya pua. Wadudu wachache wanaosalimika huzaa kizazi sugu, na msimu unaofuata chupa moja haitoshi. Buibui na nyigu waliokuwa wakimlia adui zake bila ujira huangamia pamoja nao. Kuuita mtego huo kilimo cha kisasa ni kumdhihaki mkulima.

Mkoa wa Tabora una sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Ni huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako dumuzi, mharibifu wa mahindi ghalani, aliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mdudu huyo alitoka Amerika ya Kati, akawaacha adui zake nyuma. Wataalamu walimfuata huko mbawakawa mdogo amlaye dumuzi, wakamwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Bustani nazo zina mfano wake. Mwaka 2002, katika milima ya Taita nchini Kenya, waliachiwa nyigu wadogo kutoka Taiwan ili wamshambulie nondo wa kabichi aliyekwisha kuzizoea dawa nyingi. Nondo walipungua, na gharama ya kunyunyiza ikapungua pia.

Tanzania nayo ilivamiwa mwaka 2014 na kantangaze, adui wa nyanya kutoka Amerika ya Kusini. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani na tunda, ambako dawa nyingi hazimfikii. Kumwongezea sumu mdudu wa namna hiyo ni kumwongezea mlaji sumu kwenye sahani.

Wapo wasomi wanaocheka wakisikia mwarobaini ukitajwa, wakidai huo ni uganga wa kienyeji. Kicheko hicho ni cha ujinga. Mbegu za mwarobaini zina azadirakitini, kemikali inayomfanya mdudu akatae kula na ashindwe kujivua gamba akue. Nusu kilo ya mbegu kavu zilizotwangwa, ikilowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji na kuchujwa kwa kitambaa, hutoa dawa ya kunyunyiza. Hunyunyizwa jioni, kwa sababu jua huidhoofisha upesi, na hurudiwa kila baada ya siku chache. Ipo pia dawa ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, auaye viwavi waliomla na kumwacha nyuki salama.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila kitokacho kwenye mmea ni salama. Katika nchi ya tumbaku ni rahisi mtu kushawishika kunyunyizia mboga maji ya majani yake. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu, na virusi vya batobato vya tumbaku huhamia kwenye nyanya, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Hapo ndipo elimu inapohitajika, na hapo ndipo mtumishi wa umma anapopimwa.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina wajibu wa kuhakikisha dawa za kibiolojia zilizosajiliwa zinafika vijijini, zisiishie kwenye maduka ya mijini. Afisa ugani hana budi kutoka ofisini na kuingia bustanini. Mwalimu naye ana shamba la shule: tuta moja linyunyizwe mwarobaini, jingine liachwe bila dawa, na wanafunzi wahesabu wadudu kila wiki. Mtoto aliyehesabu kwa macho yake hatadanganywa na muuza chupa.

Mkulima wa Usoke amekwisha kufanya kazi yake kwa jembe. Deni lililobaki ni la wale waliosomeshwa kwa jasho lake.