NYEKUNDU MARUFUKU, KIJANI RUKSA!

Kijana unayeshinda kwenye kibanda cha gemu, umeambiwa mara ngapi kwamba magari yenye bunduki yanakuharibu akili? Ukicheza Twisted Metal ya mwaka 1995, ambamo gari la kuuzia aiskrimu linarusha makombora, tayari wewe ni mhuni. Basi sikia kisa cha Uingereza, nchi inayojiita mwalimu wa uhuru.

Mwaka 1997 kampuni ya Stainless, ya Kisiwa cha Wight, ilitengeneza gemu ya kompyuta iitwayo Carmageddon. Ni mbio za magari, lakini si za kistaarabu. Muda unakwisha, na ili uongezewe unawaponda madereva wenzako au unawagonga watembea kwa miguu. Unaweza hata kushinda bila kumaliza mizunguko: wamalize wapinzani wote, au wapita njia wote. Ni mchezo wa kikatili, hatuupaki asali.

Bodi ya ukaguzi wa filamu ikainyima kibali. Sheria yao ya mwaka 1984 iliziacha gemu nyingi nje ya ukaguzi, isipokuwa zile zenye ukatili mkubwa dhidi ya binadamu au wanyama. Wauzaji, kampuni ya SCi, wakafanya nini? Wakawageuza wapita njia wote kuwa misukule yenye damu ya kijani. Msukule si binadamu! Gemu ikaingia madukani. Gari ni lile lile, kugonga ni kule kule, ila rangi tu. (Msomaji, rangi hiyo usiitafutie maana nyingine, tunazungumzia Uingereza.) Wajerumani wao wakapewa maroboti.

Tunauliza: hapo alilindwa nani? Mwaka huo huo wa 1997 watu zaidi ya 3,500 walikufa kwa ajali katika barabara za Uingereza. Hao hawakuwa misukule. Ulevi na mwendo wa kasi vilikuwapo kabla kompyuta haijaingia sebuleni, lakini kupambana navyo ni kazi ngumu. Kupiga marufuku kasha la gemu ni rahisi, na picha gazetini inatoka nzuri.

Hofu hii ina umri. Mwaka 1976 huko Marekani kampuni ya Exidy ilitoa mashine ya Death Race, yenye vijitu vyeupe vya mistari tu. Ukikigonga kimoja, kinapiga ukelele na alama ya kaburi inasimama. Wakubwa wakaja juu, na kelele zao ndizo zilizoitangaza mashine. Tangazo la bure!

Lakini Waingereza tuwape haki yao. SCi walikata rufaa mbele ya kamati iliyowekwa kwa kazi hiyo, wakashinda, na damu nyekundu ikarudi. Mkaguzi aliitwa atoe hoja zake, na zikashindwa mchana kweupe. Mkaguzi asiyeweza kukatiwa rufaa ni mfalme.

Mtoto wa miaka kumi hana kazi na Carmageddon, hilo halina ubishi. Tangu mwaka 2012 sheria ya huko inataka kasha libandikwe alama ya umri, na mwenye duka anayemuuzia mtoto gemu ya watu wazima anatenda kosa. Abanwe huyo. Mtu wa miaka 25 aliyetoka kibaruani na jasho lake, aachwe arushe makombora yake kwenye skrini.